Bamba la Shaba la Novina

Ohio,
Jumatatu, 18 Mei 1981

Mdogo wangu mpendwa Ludmila,

Pokea salamu zangu za upendo, wewe na shemeji Raymond na wanao wote. Natumaini mafua yaliyokushika tangu Pasaka yamekuachia, na kwamba mmemaliza kupanda mahindi kabla mvua haijawafukuza shambani. Mimi wa mwili sijambo. Magoti ndiyo hayataki ngazi tena, lakini hayo tumeyarithi, hakuna wa kumlaumu. Wa moyo, Ludmila, si mzima hata kidogo. Vuta kiti ukae nikueleze.

Kitabu cha miaka mia ya mji wetu wa Novina ulichonitumia kilifika Jumanne. Asante kwa kolache ulizofunga pamoja nacho, vile vikate vitamu vya kwetu. Zilivunjika njiani, nikazila kwa kijiko mpaka punje ya mwisho. Kitabu chenyewe nusura nikitupe dirishani. Kurasa mia tatu na kumi! Mababu waliolima ardhi ya kwanza, mababu waliojenga kanisa, mababu waliopiga tarumbeta kwenye bendi ya mji. Hivi hao mababu walizaana wenyewe kwa wenyewe? Wanawake nimewakuta mwishoni kabisa, kwenye mapishi, na hata huko hawana majina yao, ya waume zao tu. Bibi Emil Vavra, kabichi chachu. Bibi Frank Kubesh, supu ya maini. Huyo Bibi Frank Kubesh alizalisha nusu ya wilaya, aliitwa Filomena, na wewe mwenyewe ulidakwa na mikono yake. Leo umuulize mtu wa Novina Filomena ni nani, atakutumbulia macho.

Unajua kwa nini linanikera hivi. Kwa miaka kumi na miwili sasa kazi yangu ni kuwatafutia wanawake wa nchi hii majina yao. Nakaa kwenye vyumba vya nyaraka vyenye baridi, natoka daftari la ubatizo naingia orodha ya sensa, mpaka Bibi Fulani wa Fulani apate tena jina alilopewa na mama yake. Nilipoomba kufundisha historia ya wanawake wa Marekani mara ya kwanza, mwaka sitini na tisa, mkuu wa kitivo aliniuliza mbele ya watu, ati wiki ya kwanza ikiisha, ya pili nitafundisha nini? Wakaangua kicheko. Walikuwa wanaume kumi na mmoja, na kahawa waliyokuwa wanakunywa nilikuwa nimewamiminia mimi. Leo wasichana wanakaa sakafuni darasani kwangu kwa kukosa viti, na yule bwana tukikutana ukumbini ananiambia alijua siku zote. Alijua nini, mwongo mkubwa yule!

Lakini hayo nimeyazoea. Kilichonichoma ni ukurasa wa themanini na nane, na barua yako uliyoiandika kwa furaha tele. Unasema kamati ya sherehe za mji itaweka bamba la shaba kwenye ukuta wa nyumba yetu ya zamani kumkumbuka Baba, Joseph Sedlak, mtunza simu, aliyekaa kwenye swichibodi, ile meza ya kuunganishia simu, siku mbili bila kulala katika tufani ya theluji ya Machi 1931 na kuokoa watoto kumi na saba wa shule. Unasema litafunuliwa Jumamosi ya tarehe thelathini, na Mama, kama mjane wa marehemu, atakabidhiwa maua. Mjane wa marehemu! Yaani Mama, na miaka yake themanini na minane, akae kiti cha mbele apigiwe makofi kwa sababu aliolewa na mtu anayesifiwa kwa kazi aliyoifanya yeye?

Wewe hukuwa umezaliwa. Mimi nilikuwa na miaka sita na nilikuwepo. Asiyekuwepo ni Baba. Baba alikuwa amepeleka nguruwe kwenye stesheni ya reli, theluji ikamkamata kwa mjomba Ladislav, akacheza karata siku tatu kando ya jiko na bia mkononi. Mwenyewe alikuwa akisimulia hivyo, akicheka mpaka machozi. Mkataba wa simu ulikuwa na jina lake kwa sababu kampuni haikuandikiana mkataba na mke wa mtu. Ila aliyevaa vile vyuma masikioni miaka kumi na tisa, pale sebuleni kwetu, ni Mama.

Asubuhi ile mbingu ilipogeuka rangi, Mama alipiga kengele ndefu kwenye laini zote kwa pamoja. Akamwambia mwalimu wa shule asimfungulie mlango mtoto hata mmoja. Mwalimu alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, akaanza kujitetea ati wazazi wanawasubiri. Mama akamwambia akithubutu kumtoa hata mmoja, yeye Rozalie atavuka theluji hiyo hiyo aje amtandike kwa mwiko. Watoto wakabaki. Kuni za shule zilipoisha akamwamuru wachome madawati, ya kwake mwalimu yawe ya kwanza. Siku mbili nzima alipigia shamba moja baada ya jingine kuwaambia akina mama watoto wenu wako hai, kaeni ndani, msitoke. Mimi nilikuwa natia magunzi kwenye jiko na kumpelekea mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe, naye anakula huku anazungumza. Sauti ilimkauka wiki nzima.

Basi Jumatano nikampigia Delmar Tichy, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa kamati. Nilimsema, Ludmila, nilimsema hasa. Nilimwambia hajabadilika tangu alipokuwa akila chaki darasa la pili. Delmar aliniacha nikamaliza. Kisha akasema kwa upole kwamba hakatai, Mama yetu ni mchapakazi, mama zetu wote walikuwa wachapakazi, lakini yale si maneno yake yeye. Ameyanakili kwa msomi, kwenye kitabu kilichochapwa na chuo kikuu, na ameonyesha kwa uaminifu ameyatoa ukurasa gani. Shaba itaanza kuchongwa Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili, na kamati haiwezi kupinga kitabu cha msomi kwa maneno ya simu. Akaniuliza, na nadhani hata huruma alikuwa nayo, kama ningependa anisomee jina la huyo msomi. Nikakata simu.

Nimezunguka mno, mdogo wangu. Msomi huyo ni mimi.

Ni kile kitabu changu cha kwanza, cha historia ya simu za mashambani, kilichonipatia shahada na kisha ajira. Nilikuwa nimemwandika Mama katika sura ya tano, kurasa nne nzima. Msimamizi wangu akazipiga mistari kwa penseli nyekundu, zote nne. Akasema mama wa mtu si ushahidi, mkataba ndio ushahidi, na kwamba nikileta habari za jikoni kwenye tasnifu nisishangae nikijikuta nimerudi jikoni. Ningeweza kuliacha tukio lote. Ningeweza kuandika opereta bila jina. Lakini kilikuwa kisa kizuri na nilikitaka kitabuni mwangu. Nikaketi, nikaandika kwa mkono huu huu kwamba Joseph Sedlak alikaa siku mbili kwenye swichibodi. Nilikuwepo, Ludmila! Nilitia magunzi kwenye lile jiko! Na bado nikaandika.

Halafu nikaenda kumbi ngapi kuwafokea wanaume waliofuta majina ya wanawake. Nimepigiwa makofi nikiwa nimesimama, nimepewa vyeti, viko ukutani hapa mbele yangu ninapoandika. Nashindwa kuvitazama. Nina hasira na yule mzee wa penseli nyekundu, nina hasira na Delmar, hata na wewe nilikuwa na hasira kwa kufurahia, lakini zote hizo ukizijumlisha hazifikii niliyonayo juu yangu mwenyewe.

Alhamisi nilimpigia Delmar tena, nikamwambia mwandishi ni mimi na niliandika uongo nikijua. Akauliza kama chuo changu kina habari. Nikamwambia kitakuwa nayo. Ijumaa asubuhi nikamkabidhi mkuu wa chuo barua ya kukiri, yenye sahihi yangu, na nakala yake nikamtumia Delmar. Mkuu ameniambia itapelekwa kwenye kamati ya nidhamu na kwamba, kwa umri wangu, huenda ingekuwa busara nistaafu kabla haijakaa. Kwa umri wangu! Delmar naye ameahidi kuzuia bamba mpaka Ijumaa, mradi Mama aende athibitishe kwa kinywa chake.

Jana baada ya misa nikampigia Mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: alie, anitukane, au aseme amesahau. Nikamweleza yote nikamwomba radhi. Akasema hilo analijua tangu siku niliyomletea kitabu. Alivaa gauni la kanisani, akanawa mikono, akakaa mezani kukisoma, akaitafuta sura ya theluji, akamkuta Baba. Akakifunga. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, “Ulikuwa umekuja na barua ya kazi mkononi, unacheka. Ningesema, si wangekunyang'anya?” Miaka ishirini na miwili, Ludmila. Tena akaniambia nisimsumbue Delmar, atayapokea maua, kwani maua yana kosa gani.

Sasa nakuomba, na sikuombi kama profesa. Alhamisi mchukue Mama umpeleke kwa Delmar. Najua utasema tunamwaibisha Baba kaburini. Baba angekuwa wa kwanza kucheka. Mama atakataa kwenda, atasema ana unga unaumuka, atasema mguu. Mwambie hivi: barua nimeshaipeleka, siwezi kuirudisha, na kazi yangu aliyokuwa anainyamazia haipo tena ya kulindwa. Mwambie sasa anaweza kusema.

Nitafika Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa kwa basi la jioni. Raymond asihangaike kuja kunipokea, nitatembea. Nisalimie wanao, mpelekee Filomena maua makaburini ukipita, na Mama mbusu mikono yote miwili kwa niaba yangu, maana mimi sijui nitamtazamaje usoni.

Ni mimi dada yako,
Vlasta wa Rozalie