Benchi la Wakubwa

Jumamosi, 14 Januari. Asubuhi mawingu na manyunyu, mchana jua.

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Sisi huku hatujambo. Natumaini kifua kimetulia na sasa unafika mlangoni bila kushikwa mkono. Nianze na lililokuweka roho juu: watoto wako wote wawili wamechaguliwa. Vuta pumzi kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Matokeo ya mtihani wa kuingia yamebandikwa leo ukutani pale shuleni. Mwanao wa kiume amepenya kwa alama moja tu, lakini anatembea kama aliyeijenga shule. Dada yake amewaacha wavulana wote kwenye hesabu. Mwalimu mkuu alikuwa akituambia wazazi kwamba miaka yote wasichana huongoza insha na wavulana hesabu. Akatazama karatasi tena, akasema basi kwa mwaka huu tumsamehe.

Utaratibu wao unaukumbuka. Watoto huketi kwa umri, wa miaka kumi na mmoja mbele, wa kumi na mitatu nyuma, na wakubwa hudaiwa alama za juu zaidi kwa kuwa kila mwaka huwazidi wadogo. Ndiyo maana uliniagiza binti yako aketi mbele na mdogo wake, tuseme ni mapacha.

Hapo, dada, nina la kukuambia. Baada ya mtihani nilikuandikia kuwa mambo yalikwenda tulivyopanga. Hayakwenda. Mbele aliketi kweli, magoti yakigonga dawati, na watoto wakamuuliza kama shangazi amekuja kusimamia mtihani. Akavumilia. Msimamizi akauliza kama wale wawili ni mapacha. Mdogo wake akaitikia ndiyo, tena kwa sauti. Binti akainuka, akachukua kalamu yake, akaenda kuketi benchi la nyuma. Msimamizi akaja dirishani, nilikosimama nje, kuniuliza nani anasema kweli. Jibu lako nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, huyo aliyekwenda nyuma.

Njiani nilimgombeza, maana niliogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, mama mdogo, ile miaka miwili nilikuwa nyumbani namuuguza mama. Tukiifuta, mama aliuguzwa na nani? Nimekaa na jambo hili tumboni hadi leo, nikijua kwamba akikosa nafasi, aliyemkosesha ni mimi. Sasa nimepumua, nawe nigombeze ukipenda.

Msalimie sana shemeji, umwambie sare ni mbili, za kike na za kiume. Watoto wanakuamkia.

Ni mimi mdogo wako.

Nilitaka binti aongeze maneno yake hapa chini, lakini usingizi umemchukua saa mbili na nusu, viatu vikiwa miguuni.