Kuonja na Kumeza

Karama, Dubai
9 Februari 2014

Kaka Gibson,

Pokea salamu zangu zote. Mimi ni mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama kutwa. Wewe je, kile kikohozi kimekuachilia? Na magoti ya Mama? Nakuandikia kwa sanduku la posta la kiwanda chenu kwa sababu simu ya nyumbani Mama huiweka kwenye spika, na hili sitaki lisikike jikoni mbele ya kwaya yake nzima ya kanisa.

Nimehamishwa. Sibebi tena sahani. Niko upande wa mvinyo. Mfaransa anayeusimamia, tunamwita Sir, anadai nina pua. Nilimwambia mwenye pua ni kaka yangu anayeonja kahawa Thika, mimi nilirithi masikio tu. Hakucheka. Kuna mtihani mwezi wa Juni. Nikipita nitapandishwa cheo, nikianguka narudi kwenye sahani.

Sasa sikia kisa. Nilifungua chupa ya Riesling, zabibu nyeupe ya Wajerumani, iliyokaa miaka mingi. Nikanusa: mafuta ya taa, Gibson. Ya koroboi kabisa. Nikajua kuna mjinga aliyetilia chupa mafuta kabla ya mvinyo, kama tunavyofanya nyumbani, basi nikaimwaga yote kwenye sinki na kuwaomba wageni radhi. Kumbe Riesling ikizeeka ndivyo inavyonukia, na wale wageni walikuwa wameiagiza kwa ajili ya harufu hiyo hiyo. Sir alikaa chini akashika kichwa. Nifundishe kuonja kabla sijafukuzwa.

Dadako mdogo,
Virginia

Thika
2 Machi 2014

Mdogo wangu Virginia,

Barua yako imenikuta salama, kikohozi kimeisha, na magoti ya Mama ni yale yale ya siku zote. Anawaambia watu unahudumia wageni hotelini. Tuliache hapo hapo.

Nimecheka kisa cha koroboi mpaka wenzangu wakaacha vikombe vyao. Kuonja si uchawi. Vuta kwa mdomo na ufanye kelele bila aibu, acha kitu kitambae ulimini, ngoja, kisha ujiulize: hiki nilikikuta wapi? Usitafute maneno ya Sir. Tafuta ya shambani kwetu. Ukilijua jina lake la nyumbani, la Kizungu litakuja lenyewe.

Na uteme. Kila mara, Virginia, hata kama ni kizuri namna gani. Mimi nikimeza kahawa nitakosa usingizi tu. Wewe ni mtoto wa Baba. Sote wawili tulimwokota mtaroni, na sote wawili tulimzika akiwa hajafikia hata uzee. Sina haja ya kuongeza.

Kaka yako,
Gibson

Karama
20 Aprili 2014

Kaka Gibson,

Natumai Pasaka imewakuta mkiwa wazima. Mimi sijambo, na Angella, yule Mganda tunayelala naye chumba kimoja, anawasalimu. Kila asubuhi ananishika mkono tunaomba, kisha ananihoji kuhusu zabibu ingawa yeye hajawahi kuonja hata tone.

Mbinu yako inafanya kazi. Sauvignon Blanc ni majani ya ng'ombe yaliyokatwa na umande wake, pamoja na pasheni ambayo haijaiva. Cabernet Sauvignon ina ngozi nene na ukali wa kiume, inanukia ile sharubati ya Ribena ya Krismasi. Pinot Noir ni zabibu yenye gubu: ngozi nyembamba, jua likizidi inanuna, mvua ikizidi inaoza. Lakini ikikubali, inatoa mvinyo mwepesi, ukiushika unaona vidole vyako upande wa pili, na ndani yake kuna stroberi na udongo uliotoka kunyeshewa. Ile ya Waitaliano, Nebbiolo, ilinidanganya. Rangi yake hafifu, nikaidharau, ikanikamata ufizi kwa ukakasi kama nimetafuna ndizi mbichi. Ndiyo inayotengeneza Barolo, ambayo Sir huizungumzia kama mtu anayesali.

Sir sasa ananiita mezani nieleze mwenyewe. Natema, usiwe na wasiwasi.

Dadako,
Virginia

Karama
14 Septemba 2014

Kaka,

Hamjambo huko? Mimi nipo. Nisamehe kwa kimya. Mtihani nilipita, wa kwanza darasani, na Sir alinipa mkono mbele ya watu wote.

Angella ameondoka. Amepata kazi ya nyumba huko Mirdif, analala kwa madam wake, na Ijumaa, siku ya mapumziko huku, hapewi. Kitanda chake kimechukuliwa na msichana ambaye hatusikilizani lugha. Likizo yangu nayo imesogezwa hadi mwakani, na pasipoti iko ofisini. Nilipouliza, walisema yalla, haya kazini, kuna msimu wa wageni mbele yetu.

Lakini nimejifunza Syrah. Ni pilipili manga na nyama ya moshi, na ikishuka inapasha kifua, kisha tumbo, na baada ya hapo miguu haiumi tena. Riesling nayo nimepatana nayo. Glasi ya kwanza ni ndimu tupu, ya tatu inakuwa asali.

Msalimu Mama.

Dadako,
Virginia

Thika
5 Oktoba 2014

Virginia mdogo wangu,

Sisi wazima. Hongera kwa mtihani. Mama ni mzima na hajui kitu.

Nimeirudia barua yako kama ninavyorudia kikombe chenye kasoro. Miezi yote uliniandikia habari za pua, ulimi na ufizi. Sasa unaniandikia habari za kifua na tumbo. Joto la tumboni halijulikani na mtu anayetema, na hakuna mwonjaji anayefika glasi ya tatu. Unameza, Virginia.

Sikugombezi. Naogopa, na sijui niweke wapi woga huu. Nikimwambia Mama, nitamuua. Nikimwandikia Sir, utafukuzwa. Askari wakikukuta umelewa njiani huko, utafungwa. Mimi sina hata pasipoti ya kunifikisha uwanja wa ndege. Nimemwomba Josephat, mtoto wa jirani yetu anayelinda jengo huko Dubai, Jumeirah Village Circle, apite kukuona. Mpokee. Na umtafute Angella, hata kwa simu.

Nakuomba. Nakuomba sana.

Kaka yako,
Gibson

Karama
30 Novemba 2014

Gibson,

Mimi mzima, kama alivyokwambia askari wako Josephat. Alikuja na sare zake, akaninusa mlangoni mbele ya wenzangu.

Ni mabaki ya chupa tu, ambayo yangemwagwa. Wote tunafanya hivyo tukifunga. Huko huna anayekuamuru kutabasamu mpaka mashavu yafe ganzi, na ukirudi nyumbani unamkuta mtu wa kuongea naye. Usinifananishe na Baba. Baba alikunywa chang'aa. Mimi nakunywa Barolo.

Usimtume mtu tena, na usiniandikie mpaka uache kuninusa kutoka mbali.

Virginia

Thika
11 Januari 2015

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Tu wazima. Nimeandika barua mbili kabla ya hii nikazichana, kwa sababu ndani yake nilikuwa nakunusa. Hii haina swali lolote. Mavuno yalikuwa mazuri. Ng'ombe amezaa.

Kaka yako,
Gibson

Thika
17 Mei 2015

Mdogo wangu Virginia,

Sijui kama barua hizi unazifungua. Sisi tu wazima, wewe ndiye hofu yangu.

Josephat alinipigia, hata baada ya kumwambia aache. Alisema alikukuta kwenye metro umelala, kichwa kimeegemea kioo, na mama mmoja wa Kifilipino alikuwa amekaa karibu nawe akikuficha kwa mkoba wake ili walinzi wasikuone. Josephat alikuamsha, ukamwita kwa jina la Baba. Kisha ukashuka ukamwambia, khalas, basi, nenda zako.

Jumatano ulimpigia Mama, nami nilikuwa nimekuja nyumbani. Nilikaa kando ya meza. Ulimwambia umekabidhiwa ufunguo wa stoo ya hoteli, nami nikajua ni stoo ya mvinyo. Ulicheka sana, na maneno yalikuwa yanateleza. Mama akanigeukia kwa furaha akasema, "Msikie mwanangu alivyochangamka." Ulisikia nikijibu? Nilisema, "Ndiyo, Mama."

Nilitaka kukwambia uurudishe huo ufunguo. Spika ilikuwa wazi, na Mama alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Leo kanisani Mama alisimama wakati wa shukrani. Aliwaambia binti yake amepewa ufunguo wa hoteli kubwa ng'ambo, na kwamba Mungu amemwondolea aibu aliyoachiwa na Baba. Mchungaji akaomba tukupigie makofi. Kanisa zima likapiga. Mama akageuka kunitazama.

Nikapiga, Virginia.

Kaka yako,
Gibson