Kibao cha Manjano Mlangoni mwa Jiko Langu

Bayou Noir,
Louisiana.
2 Aprili, 2019

Mpendwa mdogo wangu Odile,

Hujambo huko kwenye baridi ya Alaska? Na goti lako je? Usinidanganye kwamba limepona. Nakujua tangu unanyonya. Mimi ni mzima, nala vizuri, nalala vibaya.

Mwandiko huu usikutishe. Shule niliipita kwa nje tu, wajua. Anayeniandikia ni mkwe wangu Renelle, mke wa Alcide, tena kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa plasta. Hilo ndilo ninalotaka kukueleza, naye alisikie hapo hapo alipoketi.

Siku hizi kila kitu kinatuonya. Mwanangu Alcide hunisomea. Kikombe cha kahawa: tahadhari, kahawa ni moto. Pakiti ya karanga: ndani mna karanga. Pasi mpya: usiipige nguo pasi ukiwa umeivaa. Nikamwuliza, "Huyo aliyejipiga pasi mgongoni walimzika wapi?" Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Basi duka alilokuwa akisafisha lilipofungwa, Alcide akaniletea kibao cha manjano chenye picha ya mtu anayeteleza, miguu juu. Nikakisimamisha mlangoni mwa jiko, sakafu ikiwa kavu kama mfupa, ili watu wa nyumbani wasije kunidokolea chunguni. Siku mbili wakaogopa. Baadaye hata paka alikiruka.

Jumanne ya kabla ya Kwaresima nilikuwa nakoroga unga kwenye mafuta, kwa ajili ya mchuzi wa bamia. Unga ule hauachwi hata nyumba ikiungua. Ndivyo Mama alivyotulea. Mafuta mengine yakamwagika sakafuni. Niliyaona, Odile, kwa macho yangu haya. Nikasema moyoni, kibao si kipo? Nikaendelea kukoroga.

Renelle akaingia na kapu la vitunguu. Nilisikia mfupa.

Unajua alisema nini pale chini? "Samahani, Mama. Kosa langu, kibao kilikuwepo." Alcide naye akachombeza, "Macho umemwazima nani, wewe? Wamechora picha ili hata Mama aelewe!" Watu wakacheka. Nami nikakigeukia chungu changu. Alcide akampeleka hospitali, mimi nikapakua. Unga haukuungua. Mchuzi ulikuwa mtamu.

Renelle hukata nywele za watu. Wateja wake wa Pasaka wameshakwenda kwa mwingine, naye bado ananiomba radhi kila asubuhi huku akinitilia kahawa kwa mkono mmoja.

Andika, Renelle mwanangu, usisimame. Andika kwamba kosa ni la mama mkwe wako. Nilithamini unga kuliko mifupa yako.

Odile, hapo kalamu ilisimama kweli. Akaniuliza, "Uliyaona, Mama?" Nikasema niliyaona. Akasema, "Karibu mwezi mzima najiita kipofu." Kisha akavuta karatasi. "Haya, endelea. Lakini kahawa ya kesho utatia wewe."

Nitatia. Hata akipona nitatia.

Msalimie shemeji Théogène, na umbusu Ursule wako hata kama amekuwa mtu mzima. Mungu awafunike huko thelujini kama kuku afunikavyo vifaranga. Kibao nimekivunja. Mafuta yakimwagika tena, mdomo ninao.

Dada yako akupendaye hata akikukaripia,
Eulalie