Jiwe, Mzizi, Imefika

Jumamosi, 3 Agosti

Nimeamua kuandika humu kila kitu, hata yatakayoniaibisha, hata yale ambayo Mama amesema yasitoke nje ya nyumba. Hapa si nje. Daftari hili linalala chini ya godoro langu. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema shajara inayochagua ya kusema ni insha tu.

Basi naanza. Mama haoni vizuri.

Si kwamba haoni kabisa. Ya mbele anayaona — mlima wa mbali atakuonyesha hadi ufa wake. Ya pembeni na ya chini ndiyo yanayompotea. Jana alipiga teke ndoo ya maji, na ilikuwa pale pale inapokaa siku zote. Bibi akauliza nani kaiweka hapo. Mama akasema, "Mimi," akacheka. Nikachukua tambara nikapiga deki.

Mama ni mwongozaji. Anawapeleka wageni kwa miguu kutoka lango la chini, kupitia milima ya jangwa, hadi msituni kule juu. Siku tatu. Wenzake wanamwita Dira, kwa sababu hajawahi kupotea. Kazi hiyo ndiyo inayotuweka mjini, mimi na yeye na Bibi.

Leo alikuwa anafunga mizigo, akaniambia likizo hii nitapanda naye, nikajifunze kazi. Nilifurahi mno. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba nitatembea mbele.

Mbele ni mahali pa mwongozaji. Siku zote.

Jumatatu, 5 Agosti

Kibanda cha mawe, kituo cha kwanza. Nyayo zinawaka moto.

Wageni ni wanne. Mume na mke waliooana juzijuzi, hawaachani mikono hata njia inapokuwa ya mtu mmoja. Mama mmoja muuguzi, mpole. Na bwana mrefu mwenye fimbo mbili za kutembelea — Mama keshampachika jina, Bwana Miguu Minne. Ameambiwa, na amelipenda.

Jangwa lilikuwa jeupe kwa jua. Njia inafuata korongo kavu, halafu inapanda kwa kona hata unachanganyikiwa kama unakwenda au unarudi. Nilidhani mahali pasipo na kitu hapana rangi. Kumbe mawe mengine ni ya zambarau, mengine yamekaa kama ini. Nilitaka kusimama nitazame. Mama akasema, "Mlima hauendi popote, mwanangu. Tazama miguu."

Kazi ya aliye mbele ni kutaja. Akikuta jiwe lililolegea anasema "Jiwe." Aliye nyuma yake anampa mwenzake, neno linashuka mstari mzima, na wa mwisho anajibu "Imefika," ili wa mbele ajue hakuna aliyeachwa. Kuna jiwe, shimo, mzizi, na kichwa. Kichwa maana yake kuna tawi, inamisha chako.

Mama alikuwa wa pili. Nikisema "Jiwe," alirudia kwa sauti kubwa kuliko yangu, kana kwamba yeye ndiye aliyeliona. Wageni hawakuhisi kitu.

Mara moja nililiruka jiwe nikasahau kulitaja. Mama akajikwaa, akapiga goti chini. Aliinuka upesi, akawageukia wageni: "Hivyo ndivyo msivyotakiwa kufanya." Wakacheka. Mimi nilipanda sehemu iliyobaki nikitaja hadi kokoto, mpaka bwana harusi akauliza kama na vumbi nalo litatajwa.

Jumanne, 6 Agosti

Upepo. Siku nzima tuko kwenye mgongo wa mlima, kulia genge, kushoto genge. Mama alitembea wima kama mtu wa gwaride. Penye mwanga mkali hata mimi nasahau.

Tulipopumzika nilimuuliza msitu ukoje.

"Mzuri," akasema. "Una giza." Akafunga kamba za viatu vyake kwa kupapasa. "Huko usininyamazie."

Jumatano, 7 Agosti

Nimechoka, sauti imekauka, lakini niliahidi kila kitu.

Msitu hauji kidogo kidogo. Unapita mwamba wa mwisho, unapinda, na miti imesimama mbele yako kama ukuta. Tulipoingia chini yake, Mama alisimama ghafla, kama mtu aliyegonga mlango uliofungwa. Nikasikia mkono wake unatafuta mgongo wangu, ukashika mkanda wa begi. Hakuuachia tena.

Kila mahali mizizi. Yote minene, myeusi, inateleza kwa ukungu. Kwenye matawi zinaning'inia ndevu za kijani, na maji yanadondoka ingawa hakuna mvua. Harufu ya majani yaliyooza. Pangekuwa pazuri. Sijui — sikuona kitu ila ardhi. Mzizi. Mzizi. Kichwa. Mzizi. "Imefika," anaitikia Bwana Miguu Minne kule nyuma. Alama za njia ni rangi ya njano kwenye mashina. Mama alikuwa akininong'oneza, "Njano umeiona?" Mwanzo nilidhani ananipima.

Kwenye daraja la magogo mawili alivuka kiubavu, mguu mmoja ukimfuata mwenzake, mkanda wangu mkononi. Muuguzi alikuwa nyuma yake. Alinyoosha mikono yote miwili bila kumgusa, kama unavyomfuata mtoto anayejifunza kutembea.

Baadaye, tulipokaa kunywa maji, akamuuliza Mama taratibu, "Dada, macho yako yamemwona daktari lini?"

"Yameona milima," Mama akasema. "Madaktari bado."

Muuguzi hakucheka. Akamwambia aende wiki hii hii, asingoje. Akalirudia neno hilo, wiki hii hii.

Jioni tukatokea kituo cha juu. Msimamizi wa njia alikuwa anatungoja na gari, na Mjomba kwenye usukani. Mjomba ni kaka yake Mama, ndiye dereva wa kituo. Nilitaka kupiga kelele za furaha. Hakuna aliyeanguka msituni! Ndipo Bwana Miguu Minne akaniweka mkono begani, akamwambia msimamizi, kwa moyo mweupe kabisa:

"Huyu binti mpeni koti la kazi. Njia nzima ametuongoza yeye."

Msimamizi akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamtazama Mama. Mama alikuwa anatabasamu, amegeukia pale msimamizi aliposimama mwanzo. Msimamizi alikuwa keshasogea.

Alitaka kunisifu. Najua. Sijawahi kusifiwa vile maishani.

Ijumaa, 9 Agosti

Daktari wa macho. Alimweka Mama mbele ya mashine akamwambia abonyeze kila akiona nukta ya mwanga. Mimi nilikuwa naziona nukta kupitia kioo cha pembeni. Zilikuwa nyingi. Mama alikaa ametulia, kidole juu ya kitufe, akingoja zianze.

Ni presha ya macho. Daktari ametueleza vizuri: inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, ikianzia pembeni, bila maumivu, mpaka mtu anabaki anatazama kama kupitia bomba. Kisha na bomba linaziba. Dawa ya matone inaweza kulinda kilichobaki. Kilichokwenda kimekwenda. Nilimuuliza kama upasuaji utakirudisha, akasema hapana, hata upasuaji ni wa kulinda tu. Nikauliza tena kwa maneno mengine. Mwalimu hutuambia swali likikataa tuligeuze. Jibu lilikuwa lile lile.

"Umechelewa sana, mama," akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa njiani," Mama akamjibu.

Daktari hakujua acheke au asicheke. Hata mimi.

Jumapili, 18 Agosti

Matone asubuhi na jioni. Mama anainua uso, mimi nadondosha. Anasema nina mkono mzito kama fundi bomba.

Nilifunga kitambaa cheupe kwenye ngazi ya jikoni ili aione. Amekifungua, amekikunja vizuri, amekirudisha kitandani kwangu. "Nyumba yangu bado naijua."

Msimamizi alikuja. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani. Akasema Dira ni Dira, hakuna asiyejua, lakini mgeni akivunjika shingo njia nzima itafungwa. Akampa nafasi ya kufunga mstari: mtu wa mwisho, wa kusema "Imefika."

"Kitakachonifikia nitakijuaje?" Mama akauliza. "Nyuma nitaona migongo. Labda na hiyo nisiione."

Msimamizi akainamisha kichwa. Bibi akampa maji, akayanywa yote, akaondoka. Koti la kazi la Mama hakulichukua. Bado linaning'inia nyuma ya mlango. Sijui alilisahau au alishindwa.

Jumamosi, 24 Agosti

Leo Mama amegonga nguzo ya mlango kwa bega. Akaiomba radhi, akadhani ni Bibi. Bibi akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Najiambia matone yanafanya kazi. Daktari alisema kulinda hakuonekani.

Jumatatu, 2 Septemba

Shule imefunguliwa. Bweni lile lile, kitanda cha juu. Nimemwachia Bibi kazi ya matone, ingawa mikono yake inatetemeka na nusu inaishia shavuni.

Wakati wa kuagana nilimuuliza Mama atafanya nini mimi nikiwa huku. Akasema atalala mpaka jua likolee, kama tajiri. Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo umeegemea lile koti.

Jumatano, 4 Septemba

Insha ya leo: "Mlima nilioupanda." Nimepata alama za juu darasani. Mwalimu ameandika pembeni: umeona vizuri.

Alhamisi, 5 Septemba

Naandika haraka, Mjomba yuko getini.

Matroni aliniita, akasema nina mgeni. Nilijua kabla sijafika — Mjomba haji siku za masomo. Alikuwa anashikashika funguo. Akaniambia: mwongozaji wa zamu alishikwa na homa, wageni wakawa wamekwisha fika langoni, na hapakuwa na mtu mwingine kule chini. Mama akavaa koti lake akapanda nao. Juzi, Jumanne.

Nikamuuliza msimamizi alikubalije. Mjomba akasema alikubali nusu. Mama awapitishe jangwani tu, kwenye jua, na kwenye mwamba wa mwisho, kabla ya msitu, mwongozaji mpya aje kuwapokea kutoka juu. "Mama yako kule penye mwanga humpati," akasema. Kweli. Nikaanza kupumua.

Kisha nikatazama ndani ya gari. Kuna kijana amekaa kiti cha mbele, mguu juu ya dashibodi, kifundo kimefungwa bandeji, kimevimba kama boga. Nikauliza ni nani.

Ndiye mwongozaji mpya. Jana aliteleza kwenye mizizi akiwa anashuka kuwapokea. Amerudi kituoni akitambaa. Mjomba anampeleka hospitali, halafu anarudi kituo cha juu kuwangoja jioni.

Kwa hiyo kwenye mwamba wa mwisho hakuna mtu. Kule simu hazishiki. Msimamizi amesema tungoje hadi jioni, Dira anaijua njia, na asipomkuta mtu atakaa hapo angoje. Mjomba naye anasema hivyo hivyo. Anasema mara mbili mbili.

Mimi namjua. Hatawaketisha wageni kwenye baridi. Atawaambia twendeni, atacheka, atampachika mmoja jina. Ataingia chini ya miti, na mkono wake utatafuta mkanda wa begi.

Na huku tangu asubuhi mvua inanyesha.

Labda kuna mgeni mmoja mwenye sauti. Labda amewafundisha yale maneno. Hilo analiweza, angeweza kuyafundisha mawe. Labda amekubali kuwaambia ukweli. Mtu akitaja kila kitu, msitu unapitika. Tulipita.

Mjomba amewasha gari. Nimechana karatasi, nimempa, nimemwambia amkabidhi Mama mkononi akitokea tu, amsomee kwa sauti, na asirudi mjini bila jibu. Hata likiwa neno moja. Nimeandika hili tu:

Mama, nani yuko mbele?