Jopo Lililokimbia Kifafa

Usinipigie, bado niko kwenye chumba chao, na nikifungua mdomo nitatukana. Soma tu.

Unamkumbuka mteja wangu, yule fundi cherehani mwenye kifafa? Leo jopo lilikuwa linasikiliza ombi lake la posho ya ulemavu.

Kaanguka. Humu humu ndani, mbele yao, katikati ya swali!

Nimepiga magoti namlaza ubavu, koti langu nimeliweka chini ya kichwa chake, nainua macho… wamekimbia. Wote watatu! Mwenyekiti, mtu mzima na tai yake, yuko mlangoni anapiga kelele, "Wakili, usiguse mate yake, utaambukizwa!"

Utaambukizwa!! Na bango lao wenyewe liko hapo ukutani: KIFAFA HAKIAMBUKIZI.

Ngoja, sijamaliza.

Dada wa watu kazinduka, kaona haya, anajifuta mdomo kwa mkono. Wao wanarudi mmoja mmoja, wanakaa. Mwenyekiti anajikohoza. "Sasa, wakili, tutajuaje kama hakuwa anaigiza?"

ANAIGIZA. Huyo huyo aliyetimua mbio!

Nikamwambia, "Sawa, mheshimiwa, alikuwa anaigiza. Basi mmoja wenu amwinulie kiti chake akae." Kiti kilikuwa kimepinduka hapo sakafuni, kimelowa mate kidogo.

Wakatazamana. Hakuna aliyekigusa.

Mteja nimemkalisha kwenye changu. Wao wametoka, eti wanakwenda kushauriana. Na kutoka kwenyewe, wamepita wamejibana ukutani, mmoja kashika suti yake isiguse kile kiti.