Kiti cha Mkuu wa Kambi na Vanishi ya Keko

Kwa dada yangu Zuhura,
Keko, Temeke.

Shikamoo dada. Kabla hujauliza: mie mzima, sijavunjika, sijatoroka, na shingo imenenepa. Nyie hapo hamjambo? Mgongo wako vipi, bado unauma ukiinamia sufuria la maharage? Na shemeji, kile kikohozi cha vumbi la mbao kimepoa au bado anawaamsha majirani? Simu zetu wamezifungia tangu tuingie kambini, ndiyo maana unapokea karatasi. Anakuja nayo dereva wa lori la viazi anayeshusha Tandale. Nimemwambia akifika Keko aulizie mama lishe mwenye maneno mengi, hatapotea.

Nakuandikia haraka kwa sababu kuna kuruta mwenzetu wa Temeke karudishwa juzi kwa ugonjwa, na najua akifika tu atakuambia Shabani kamfanyia utani mkuu wa kambi mbele ya gwaride. Usimsikilize. Yeye alikuwa mstari wa nyuma huko, mie nilikuwa mbele. Halafu siku ile stendi uliniambia, "Shule ilikushinda. Jeshini nako ukirudishwa, mlangoni kwangu usipite." Basi dada, ilibaki kidogo tu nilale nje.

Ilikuwa hivi. Mkuu wa kambi alikuwa anakuja kukagua gwaride, na kiti chake cha mninga, kile kikubwa chenye mikono, kimechakaa kama kimetafunwa na mbuzi. Afande Komba, anayetufundisha kwata, akasimama mbele yetu.

"Nani hapa anajua kazi ya fanicha?"

Wenzangu wakaangalia buti zao. Jeshini ukijua kitu, kitu hicho ndiyo kazi yako mpaka ukome. Lakini mdomo wangu si unaujua.

"Mimi afande! Natoka Keko, kwa mafundi fanicha!"

"Keko ndiyo cheti?"

"Zaidi ya cheti, afande. Vitanda vya matajiri wa Msasani vimepita kwenye mikono hii."

Uongo hapo uko wapi? Vimepita. Shemeji anakata na kuunga, mie napiga msasa na vanishi. Keko nani anatengeneza kitanda peke yake? Hilo sikumwambia kwa sababu hakuniuliza.

Gwaride lilikuwa saa nne. Alfajiri nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikarudia, nikarudia tena, nzito ya maana.

"Kitakauka?" Afande Komba akauliza.

"Afande, sie Keko tunapaka asubuhi, adhuhuri haijaingia mteja anapakia."

Na ni kweli, unajua. Jua la pale barabarani linakausha hata uji. Kilichonipita ni kwamba jua lile sikupanda nalo basi. Dada, huku milimani baridi ni adui. Mie nilikuja na kaptula na jezi nikijua baridi ni ile ya feni. Asubuhi ni ukungu na manyunyu, ukifua soksi leo unazivaa wiki ijayo.

Utasema, si ungegusa? Nani, mie? Umesahau kitanda cha yule mama wa Msasani? Niligusa kujaribu, alama ya kidole ikabaki pale kwenye ubao wa kichwani kama nimepiga kura. Shemeji alinizaba kofi, akanikimbiza na ubao mpaka gereji, nikajificha chini ya lori hadi ulipokuja kunitoa na sahani ya wali. Tangu siku ile vanishi siigusi, naangalia mng'ao tu. Na kiti kilikuwa kinang'aa, ungeweza kukitazama ukanyoa ndevu.

Mkuu akaja, akakaa. Gwaride likaanza kupita. Tulipofika mbele yake Afande Komba akapaza, "Macho kulia!" Hapo kila mtu lazima amwangalie mkuu, na mkuu lazima asimame apokee saluti. Akasimama. Kiti nacho kikasimama.

Nakuapia dada. Mkono uko kwenye kofia, kiti kiko nyuma, miguu yote hewani. Na sie tumeamriwa kuangalia! Wa kulia kwangu mabega yanatetemeka, wa nyuma yangu anatoa mlio kama birika. Mkuu hakushusha mkono mpaka kombania ya mwisho ikapita. Pale nilimheshimu kabisa. Ndipo Afande Komba akakishika kiti, akavuta, kikabanduka kama plasta.

Nikaitwa ofisini kwa mkuu.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, afande. Ni baridi."

"Baridi ndiyo iliyopaka?"

Mkuu hakusubiri jibu. Akamwambia Afande Komba, "Begi lake lifungwe." Nikamwambia, "Afande, nipe vyoo vyote vya kambi nichimbe, ila nyumbani usinirudishe. Nimelelewa na dada, na dada kaapa nikirudishwa mlangoni kwake sipiti." Akaniangalia, akaiangalia suruali yake.

"Kesho baada ya chai utakaa kwenye kiti kile, katikati ya uwanja, mpaka bendera ishushwe. Ukiinuka kikabaki chini, unabaki. Kikiinuka na wewe, mtapanda basi wote wawili mrudi Keko."

Dada, nilikaa. Wenzangu wanapita na majembe, "Mgeni rasmi, tuhutubie!" Mwingine, "Shikamoo mheshimiwa, usiinuke tafadhali!" Mie nawapungia mkono, lakini chini huku najisogezasogeza kama kuku anayeatamia, naisikia vanishi inavuta. Jua likatoka kidogo mchana, likajificha. Nikaomba dua zote ninazozijua, hata ile ya kula.

Bendera ikashushwa. Mkuu akaja. "Kuruta, simama!"

Nikasema bismillahi, nikainuka kwa nguvu zote. Ikalia *chraaa!* Halafu nikasikia upepo wa milimani unapita mahali ambapo haujawahi kupita.

Afande Komba akazunguka nyuma yangu, akaangalia muda mrefu.

"Taarifa," mkuu akasema.

"Kiti kimebaki chini, mkuu. Na makalio ya suruali yake yamebaki nacho."

Mkuu akainama, akakikagua kiti.

"Nilisema kiti," akasema. "Suruali sikuitaja. Rudi kombania."

Nikapiga saluti, nikageuka nyuma kwa kwata safi, na hapo nikamsikia mkuu mwenyewe anakohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Basi mlango wako uko salama. Msalimie shemeji, mwambie vanishi yake inashika. Mwambie pia mpwa wangu Salma asivae jezi yangu niliyoiacha, na bibi mwenye nyumba mpe shikamoo yake. Jirani yetu fundi magodoro mwambie nilimkumbuka sana siku ile, maana kiti kilikuwa hakina hata mto.

Mdogo wako Shabani,
kuruta ambaye bado yupo.