Randa ya Baba

Shikamoo Dada,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limeacha ukorofi. Sisi tu wazima, ila mimi nina shingo inayouma, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Ulikataza nisimtaje tena, lakini nitamtaja. Nyakua, mdogo wetu wa mwisho, ametoka gerezani, na anasema ameokoka. Najua unacheka, nami nilicheka. Alikuja kwenye karakana yangu ya useremala na Biblia kwapani, akaomba kazi ya kupiga msasa. Nilimpa, maana damu nzito kuliko maji, lakini siku hiyohiyo nilitia kufuli kabati la vifaa na ufunguo nikautundika shingoni kwa kamba ya katani. Kila jioni nilihesabu: patasi sita, misumeno mitatu, nyundo mbili. Hakikupungua kitu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mwizi anayeiba unamjua. Asiyeiba anapanga nini?

Nikamtega. Niliacha patasi mpya dirishani, nikaenda kumchungulia kutoka kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ndevu zangu zikiwa zimenyolewa upande mmoja. Nyakua aliichukua, akainoa, akairudisha. Kinyozi aliniuliza kama huyo ndiye jambazi ninayemsema kila siku, maana yeye angependa sana kuibiwa namna hiyo.

Jumamosi alasiri huenda kwa Mama Nesi, muuguzi mstaafu anayewafundisha watu wanne uanafunzi wa Kristo sebuleni kwake. Nikaenda kupeleleza, nikijidai nami natafuta mwanga. Sikuona hila, ila viti vilivyolegea. Mama Nesi alisema Kristo akimfungulia mtu mlango, haifai abaki chumbani akisifu bawaba. Kisha akatoa kazi ya wiki: kila mmoja amwendee aliyemkosea, aseme kweli bila kujitetea. Alinitazama mimi kuliko wengine. Au ndivyo nilivyodhani.

Jumatatu Nyakua akanijia. Alikiri saa yangu, redio ya shangazi, hata kuku wako yule uliyemlilia. Nilingoja aitaje randa ya Baba. Hakuitaja. Nilimwuliza kama ana hakika amemaliza. Akasema kwa upole kwamba ndiyo, Kaka, aliyoyatenda yeye yameisha. Neno hilo "yeye" nilikwenda nalo mpaka kitandani.

Dada, unakumbuka Baba alivyomfukuza kwa ajili ya randa ile, naye ana miaka kumi na sita, akiapa mpaka sauti ikamkauka. Haikuibwa. Mimi niliidondosha, ikapasuka ubavu, nikaificha darini. Baba alipouliza, sikumtaja mtu. Nilimtazama Nyakua tu. Ikatosha. Alitoka kwetu mwizi wa kuku. Ujambazi alikwenda kuusomea barabarani. Baba akafa hajamwita.

Sasa unajua kwa nini nilitaka sana aibe. Angeiba hata msumari mmoja, ningepumua.

Jana mchana niliishusha randa ile, nikaiweka mbele yake, nikasema yote. Alipitisha kidole kwenye ufa. Akasema alijua tangu siku ile, maana karakanani tulikuwa wawili tu. Na kwamba gerezani somo la msamaha lilimchukua miaka miwili, na mtu aliyekuwa akijifunza kumsamehe ni mimi. Kwa mazoea nilitafuta mtego katika maneno hayo. Sikuuona. Tuliomba palepale, magoti kwenye maranda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliomba macho yote mawili yakiwa yamefumbwa. Tulipoinuka, Nyakua aliomba gundi.

Nilimwuliza Mama Nesi kama kazi imekwisha. Alisema bado, iwapo yupo mwingine anayemchukia Nyakua kwa uongo wangu. Yupo, Dada, naye ndiye anayeisoma barua hii. Nyakua hajanituma kukuomba lolote kwa niaba yake. Chuki iliyobaki, ielekeze kwangu, anwani unayo.

Nisalimie shemeji na watoto. Jana jioni nilihesabu vifaa tena. Kimezidi kimoja. Kabati sikulifunga, na shingo imeanza kupoa.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyekuwa ukimwamini.